Vespa 200 iliyotiwa silinda kubwa: SI 24, SI 26 au PHBH 28?

Vespa ya 200 ikishavalishwa silinda ya 210, mjadala wa kabureta hauishi: SI 24, SI 26 au PHBH 28, namba ikiwa ni upana wa koo kwa milimita. Fundi wa Mwanakwerekwe, hapa Unguja, atakwambia ile ya asili inatosha na kubaki. Kijana aliyeleta vitu vyake kutoka Italia atakwambia bila ya 28 umetupa pesa. Wote wawili wanaweza kuwa wanasema kweli, kila mmoja kwa chombo chake na njia anazopita.

Kwanza tujue tunazungumzia nini. P200E na PX200 zimetoka kiwandani na silinda ya kipenyo cha milimita 66.5, na pistoni inatembea milimita 57. Hiyo ndiyo 198 cc. Ukiweka silinda ya kipenyo cha 68.5, kama ya Malossi ya aluminiamu, unapata 210. Tofauti ya cc 12 si kitu. Kinachobadilika ni matundu ya ndani, ambayo ni makubwa zaidi na yamekaa kwa namna nyingine, kwa hiyo injini inavuta pumzi ndefu kule juu kwenye mzunguko wa kasi. Hapo ndipo kabureta inapoanza kuulizwa maswali.

Tutazipimaje

Nimezipima kabureta tatu hizi kwa mambo matano. Inafungwaje, na je, ukijuta unaweza kurudi ulikotoka? Pampu ya oili inabaki au inakufa? Kuiseti ni kazi ya jioni moja au ya mwezi mzima? Njiani ina tabia gani, na inakunywaje petroli, maana bei inayotangazwa kila mwezi na ZURA, mamlaka ya nishati na maji ya Zanzibar, tunaisoma sote? La mwisho, inavumiliaje vumbi la shamba na chumvi ya pwani, na jeti zake, vile vijitundu vya shaba vinavyopima petroli na hewa, unazipata wapi?

Bei sikuiandika kwa sababu inapanda na kushuka na dola. Kwa mpangilio tu: SI 24 iliyotumika ndiyo ya chini, SI 26 iko katikati, na PHBH ndiyo ya juu, kwa kuwa hainunuliwi peke yake. Inataka manifodi (bomba la kuiunganisha na injini), filta, waya mpya, na mara nyingi ekzosi.

SI 24/24, ile ya asili

Hii ni Dell'Orto, kampuni ya Italia iliyoanza 1933. Zipo pia za India zenye jina la Spaco, umbo lilelile na matundu yaleyale.

*Kufunga.* Inakaa ndani ya kisanduku chake juu ya krenkesi (nyumba ya krenki), chini ya ubavu wa kulia, na inashikwa na boliti mbili tu. Boliti hizo mbili zimeharibu kabureta nyingi kuliko uchakavu. Fundi mwenye mkono mzito akizikaza, tako la kabureta linapinda. Slaidi, kile kizibo kinachofungua na kufunga koo, inaanza kukwama, na hewa ya wizi, yaani isiyopita kwenye kabureta, inapita chini ya gaskiti. Ukinunua iliyotumika, chukua kipande cha kioo uende nacho. Laza tako la kabureta juu yake. Likicheza kama meza ya mguu mfupi, limepinda. Kama upindaji ni mdogo, unaweza kulisawazisha kwa msasa laini uliolazwa juu ya kioo hichohicho, ukisugua kwa duara bila haraka.

*Oili.* Pampu inabaki inafanya kazi yake. Unatia petroli kituoni, unaondoka. Kwa mtu wa kazi, hili peke yake linaweza kumaliza mjadala.

*Kuiseti.* SI haina sindano ya slaidi. Wengi waliozoea pikipiki huitafuta na hawaioni. Badala yake, fungua kifuniko, toa filta, utaona vichwa viwili vya skrubu vimekaa jirani. Fungua kile kikubwa kwa bisibisi bapa kitoke kizima: juu ni jeti ya hewa, katikati kijibomba chembamba chenye matundu ubavuni, chini jeti kuu ya petroli. Vitu vitatu vimechomekwa kimoja ndani ya kingine, vinavutwa kwa vidole. Kwa P200 ya kawaida utasoma 160, BE3 na 116. Kile kichwa cha pili ni jeti ndogo, 55/160. Namba ya jeti kuu ni kipenyo cha tundu kwa sehemu za mia za milimita, yaani 116 ni milimita 1.16. Ukishaelewa hivyo, kupanda kutoka 116 hadi 120 hakukutishi tena.

Ukiwa na silinda ya 210, 116 isahau. Anza na kubwa, mfano 130, hata kama injini itagugumia, kisha shuka namba moja moja. Anayeanza chini na kupanda ana hatari ya kununua pistoni nyingine kabla hajafika.

*Njiani.* Chini na katikati inavuta laini, na mkono wa mafuta unaitika mara moja. Juu kabisa inakata pumzi mapema, utahisi silinda ingetaka kuendelea lakini haipati. Kwa barabara zetu zenye matuta kila kijiji, hapo juu kabisa unapafika mara ngapi? Petroli inakula kwa adabu.

*Vumbi, chumvi na vipuri.* Filta imefungiwa ndani ya kisanduku, hivyo vumbi na mvua ya masika vinapata tabu kuingia. Chumvi inaishika taratibu: slaidi inaota unga mweupe ikiwa chombo kimelala wiki kadhaa karibu na bahari. Jeti zake ndizo rahisi kuliko zote kupatikana, maana vijana wengi wa Vespa wanazo za akiba nyumbani, na zisipopatikana Unguja zinafuatwa Dar es Salaam kwa boti. Za kuiga zipo, na namba iliyogongwa juu yake si lazima iwe kweli.

*Inamfaa* mwenye chombo cha kila siku, anayebeba mtu nyuma, asiyetaka kuchanganya oili kwa mkono.

SI 26/26, kaka yake

Kwa nje utaidhania ni ileile. Ina koo la milimita 26, na inakaa kwenye kisanduku kilekile.

*Kufunga.* Inaingia palepale, ila kuna jambo wauzaji hawalisemi: kama tundu la kisanduku na mdomo wa krenkesi vimebaki vya 24, umenunua mlango mpana kwenye ukuta wenye tundu dogo. Faida inakuja baada ya kupanua kisanduku na krenkesi vilingane. Kisanduku ni rahisi, ukiharibu unanunua kingine. Krenkesi ni shughuli nyingine. Ndani ya mdomo ule kuna uso laini ambao bapa la krenki linapita kwa karibu mno, na ndio vali yenyewe ya injini hii. Ukiukwaruza, injini haiwashi vizuri tena na hakuna jeti itakayoitibu. Kazi hii apewe mtu aliyewahi kuifanya, si mtu anayetaka kujaribu.

*Oili.* Pampu inabaki, ilimradi umenunua kabureta iliyotobolewa njia ya oili. Zipo zisizotobolewa. Uliza kabla ya kulipa.

*Kuiseti.* Yaleyale ya 24, jeti zilezile, hivyo ujuzi haupotei wala jeti zako za akiba hazitupwi. Utapanda namba kadhaa juu ya zile za 24 kwenye injini hiyohiyo.

*Njiani.* Katikati kuelekea juu inafunguka zaidi. Chini kabisa, kwenye foleni ya Darajani, inaweza kuwa nzito kidogo mpaka jeti ndogo iwe sawa. Petroli inaongezeka kwa kadiri unavyovuta.

*Vumbi, chumvi na vipuri.* Kama 24, hakuna la kuongeza.

*Inamfaa* aliyekwisha weka silinda ya 210 na anataka kuonja zaidi bila kupoteza pampu wala sura ya kiwandani.

PHBH 28, na jamaa zake

Hapa tumetoka kwenye familia ya SI. PHBH ni Dell'Orto ya slaidi ya duara na sindano, kama za pikipiki. Kuna pia Keihin PWK 28, ambayo ni nzuri, ila nakala zake za China zimezagaa na nyingine zina jeti zisizo na ukweli wowote. Jeti za Keihin haziingii kwenye Dell'Orto. Usije ukazinunua kwa kuangalia namba tu.

*Kufunga.* Kisanduku kinatoka, manifodi inaingia. Kuna manifodi za aina mbili. Moja inakaa juu ya vali ileile ya krenki, na ukichoka unaitoa na kurudisha SI yako kana kwamba hakikutokea kitu. Nyingine ni ya ridi, yaani vali ya vibapa vinavyofunguka kwa mvuto wa hewa, ambayo mara nyingi inataka ule uso laini ukatwe. Ukishakata, umeoa ndoa isiyo na talaka. Ridi inasamehe krenkesi ambayo uso wake umekwisha kukwaruzika, na hapo nakubali kabisa kuwa ni tiba. Lakini kukata krenkesi nzima, safi, kwa ajili ya sifa, mimi roho inaniuma, hasa nikikumbuka kuwa P200 hazitengenezwi tena.

Nafasi chini ya ubavu wa kulia ni finyu. Filta inaweza kugusa ubavu au bodi, na waya wa mkono ukipinda vibaya, slaidi haitarudi. Kabla ya kuwasha, funga kila kitu, kata usukani kulia na kushoto, uvute na kuachia mkono kila upande. Lazima usikie slaidi ikigonga chini.

*Oili.* Pampu imekufa, maana njia yake ilipita kwenye kisanduku. Gia yake itolewe, tundu lizibwe, na uanze kuchanganya kwa mkono kwa asilimia 2: mililita 20 kwa lita moja, mililita 100 kwa lita tano. Chupa ya kupimia uwe nayo muda wote.

Na hapa kwetu kuna mtego. Oili ya tu-stroki inayopatikana kwa urahisi kuliko zote ni ya mashine za boti, ile ya TC-W3 wanayonunua wavuvi pale Malindi. Imetengenezwa kwa mashine inayopozwa na maji ya bahari. Injini ya Vespa inapozwa na hewa ya feni, inachemka zaidi, hasa ikiwa na silinda kubwa. Tafuta iliyoandikwa JASO FC au FD, viwango vya Kijapani vya oili ya tu-stroki. Na usidhani kuongeza oili kunakulinda: oili ikizidi, petroli inayopita kwenye jeti ileile inapungua, na injini inakuwa kavu, yaani inakosa petroli, badala ya kuwa salama. Ukibadili kipimo cha oili, umebadili seti.

*Kuiseti.* Una vitu vingi vya kugusa: jeti ndogo, mkato wa slaidi, sindano na ngazi za kishikizo chake, jeti kuu. Jeti ndogo inatawala mkono ukiwa umefunguliwa kidogo tu, sindano inatawala katikati, jeti kuu inatawala kuanzia robo tatu hadi mwisho. Uzuri wake ni kuwa ukiona kasoro katikati, unagusa sindano pekee bila kuharibu kwingine, jambo ambalo SI haikupi. Ubaya ni huohuo: mtu asiye na subira anagusa vitatu kwa mara moja na hajui tena kipi kimefanya nini.

*Njiani.* Ikiwa silinda na ekzosi vinaendana, juu inafunguka kweli, na hapo ndipo 24 haifiki. Ikiwa ekzosi ni ile ya kiwandani, utasikia mvumo zaidi kuliko nguvu. Ukienda mdogomdogo petroli haitakuumiza sana. Ukivuta, tangi la lita 8 utaliona linavyokauka.

*Vumbi, chumvi na vipuri.* Filta ya sponji iko wazi zaidi. Barabara za mchanga na mawe ya matumbawe kuelekea fukweni zitaijaza, na ikijaa, injini inazidiwa na petroli. Ikichanika, inameza mchanga. Ioshe na uitie oili ya filta mara kwa mara. Jeti utaagiza nje, hivyo nunua seti nzima ya namba zinazofuatana pamoja na kabureta. Kukwama ukisubiri jeti moja ya shaba kutoka Ulaya si jambo la kuchekesha.

*Inamfaa* mwenye chombo cha pili cha kwenda kazini, mwenye muda na bisibisi, anayejua kwa nini anataka nguvu ya juu.

Kabla ya kugusa jeti yoyote

Injini ikipanda mzunguko yenyewe au ikikawia kushuka ukiachia mkono, usikimbilie kabureta. Kagua hewa ya wizi: gaskiti za kisanduku au manifodi, na oili sili ya upande wa sumaku. Sili hiyo ikifa, injini inavuta hewa kavu, nawe utabadilisha jeti mpaka uchoke.

Jeti chafu isichokonolewe kwa waya. Shaba ni laini, na 116 iliyochokonolewa si 116 tena. Tumia pampu ya upepo au kipande cha mshipi wa nailoni, ule wa kuvulia.

Kuhusu hali ya hewa, usichukue seti za Wazungu moja kwa moja. Anayeseti kwenye baridi ya nyuzi 10 ana hewa nzito kuliko yetu ya nyuzi 30 kwa takribani asilimia 7, na kwenye jeti kuu hiyo ni namba mbili hivi za kushusha. Baada ya hapo, tulia. Sisi hatuna milima ya kubadilisha seti. Unguja na Pemba hakuna kilima kinachofika hata mita 150. Na kati ya joto la kaskazi na ubaridi wa kusi tofauti ni ndogo, jeti moja inakaa mwaka mzima.

Skrubu ya mchanganyiko ina kanuni moja ya kukumbuka. Iliyo upande wa injini, kama ya SI, ukiifungua unaongeza petroli. Iliyo upande wa filta, kama ya PWK, ukiifungua unaongeza hewa. Seti injini ikiwa imepata moto, ikiwa sailensa (inazunguka bila kuvutwa mkono), ukitafuta mahali inapozunguka kwa kasi na utulivu zaidi.

Jeti kuu inapimwa kwa plagi. Weka plagi mpya, tafuta barabara iliyonyooka isiyo na watu, ingia gia ya tatu, vuta mkono wote kwa muda, kisha kwa mpigo mmoja shika klachi na uzime. Usiiache irudi sailensa, utasoma uongo. Fungua plagi uangalie chini kwenye kauri: kahawia ya chokoleti ni salama, nyeusi yenye majimaji ni petroli nyingi, nyeupe ni onyo. Ukiona nyeupe, usiendeshe kurudi nyumbani kwa kasi uliyoendea.

Kwa hali yako

Unafanya kazi mjini, unapeleka watoto skuli, na silinda ni ya 210: SI 24 yenye tako lililonyooka na jeti sahihi. Pesa iliyobaki nunua oili sili na krenki nzima.

Unakwenda Paje au Makunduchi na kurudi, mara nyingi wawili, na una fundi wa kuaminika wa kulinganisha krenkesi: SI 26. Ukikosa fundi huyo, baki na 24 mpaka umpate.

Uko Pemba, una vilima na kona za njia kongwe ya Chake Chake hadi Wete: unahitaji nguvu ya chini na katikati, na hapo SI mojawapo inakufaa kuliko 28. Mwenye PHBH asiteremke kilima kirefu akiwa ameachia mkono kwa gia. Petroli ikikatika na oili imekatika nayo, kwa kuwa zimo tangi moja. Shika klachi au mpe mkono kidogo kidogo.

Una ekzosi ya kasi, silinda ya Malossi au Polini, na Vespa nyingine ya kazi: PHBH 28 kwenye manifodi ya vali ileile ya krenki. Kama uso wa vali umekwisha kukwaruzika, basi ridi, na usiulaumu moyo.

Na kama injini bado ni ile ya 198 na umechoshwa na ulegevu tu, usinunue kabureta yoyote kati ya hizi kwa sasa. Osha ile uliyonayo, badilisha sindano ya boya, kagua koki ya tangi kama inamwaga petroli ya kutosha, na uangalie ndani ya ekzosi kama haijajaa masizi.